Midomo ifuate wimbo, nguo zielee

Umeuliza utapataje video ambayo mwimbaji anaimba sawasawa na wimbo, ilhali nywele, nguo na maji vinakwenda taratibu kama ndotoni, nawe una simu tu. Simu inatosha kurekodi.

Ongeza kasi ya wimbo mara mbili kwenye programu ya kuhariri sauti, bila kubadilisha ufunguo (kimo cha sauti), ili maneno yasikike. Dakika 3 zitabaki 1 na nusu. Weka midundo minne ya kuhesabu mwanzoni. Rekodi kwa fremu (picha moja moja za video) 60 kwa sekunde huku wimbo huo wa kasi ukilia kwenye spika, kisha cheza picha kwa fremu 30 juu ya wimbo wa asili.

Kazi kubwa iko mdomoni. Mwimbaji afanye mazoezi kwa kasi hiyohiyo mpaka ulimi uzoee. Mtazame kwenye "m", "b" na "p": midomo isipofungana kabisa, udanganyifu unaonekana papo hapo. Ukishindwa, rekodi mistari minne minne, usilazimishe ubeti mzima.

Ndani, taa za umeme wa hezi 50 huleta michirizi. Weka shata, yaani muda ambao kamera hupokea mwanga kwa kila fremu, iwe sekunde 1/100 (kwa hezi 60, 1/120). Simu nyingi pia hubadilisha idadi ya fremu zenyewe, na midomo huachana na sauti kadiri wimbo unavyosonga. Pitisha faili kwanza kwenye HandBrake, programu ya bure ya kompyuta ya kubadilisha video, uchague idadi ya fremu isiyobadilika.

Na tafadhali, mpe mwimbaji kitu cha kuelea: kitambaa chepesi, unga, matone ya maji. Akisimama tuli, hakuna atakayeona tofauti.