Ngome si ukuta wa kupandia: maneno kwa wageni wa uwandani

Juzi wadogo zangu wa chuo, waliorudi kutoka Kilwa kukagua ngome za kale, wametuma picha kwenye grupu. Mmoja kasimama juu kabisa ya ukuta wa ngome, mikono kaitandaza. Mwingine kashika panga na furushi la mizizi aliyoing'oa, uso wote furaha. Ni vijana wazuri, wachapakazi, na najua walikusudia mema. Lakini makosa haya kila kundi jipya linalotoka Dodoma linayarudia, na mawe hayarudi yakishaanguka. Someni hapa kabla ya safari ijayo.

1. Bahari ina saa zake. Sisi wa huku tumezoea makorongo: mvua ikinyesha yanashuka kwa kishindo, kesho yake unavuka kwa miguu. Pwani maji yanajaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku yanasogea mbele kwa takriban dakika 50. Mwezi ukiandama, au ukiwa mpevu, ni bamvua: maji yanapwa mbali mno, unaona njia nyeupe chini ya ukuta wa upande wa bahari, unashawishika kushuka na tepu yako. Yakirudi hayakusubiri umalize kuchora. Kabla hujashuka muulize nahodha mwisho wako ni saa ngapi. Akisema tuondoke, funga daftari. Nahodha habishiwi.

2. Soma kabla ya kupanda basi pale Mbagala. Gereza la Kilwa Kisiwani, ile ngome ya kale, kila mwaka naliona limeandikwa "ngome ya Wareno" kwenye ripoti, basi. Wareno walijenga ngome yao mwaka 1505 na mwaka 1512 walikuwa wameshaondoka. Jengo unalolipiga picha leo kwa sehemu kubwa ni kazi ya Waomani, ya karne ya 19. Ukuta mmoja unaweza kuwa na mikono ya watu wa zama mbili, na kazi yako ni kuonyesha inapobadilika.

Wala usiseme mambo ya pwani hayatuhusu sisi wa bara. Vita Kuu ya Kwanza, meli ya Wajerumani, Königsberg, ilijificha kwenye delta ya Rufiji. Januari 1915 Waingereza wakaiteka Mafia, wakaitumia kuiwinda meli hiyo, na Julai ikaangamia humo humo mtoni. Mizinga yake ikaopolewa, na mwaka 1916 mingine ikanguruma Kondoa Irangi, huku kwetu Dodoma. Kwa hiyo ukikagua mahandaki ya Kondoa, nusu ya habari yake iko Rufiji.

3. Mizizi. Hapa nisikilizeni vizuri, maana mwenye panga katika picha ile nilikuwa mimi, miaka mingi nyuma, kwenye kisiwa kimoja cha kusini. Mtini ulikuwa umeota juu ya ukuta, mizizi imeteremka hadi chini na kuficha tundu la bunduki nililotaka kulichora. Kiongozi wetu alikuwa upande wa pili wa jengo. Nikajiambia nasafisha, nasaidia. Nikakata mizizi midogo, mkubwa nikaushika kwa mikono miwili nikauvuta. Ulikuja kirahisi. Kwanza nikasikia chokaa inachuruzika, laini kabisa, kisha uso mzima wa ukuta ukalala miguuni pangu, pamoja na tundu lenyewe.

Ukuta wa matumbawe na chokaa hauna nondo. Mzizi ukishaingia miaka hamsini unakuwa ndiyo nondo yake: umeupasua, na wakati huohuo ndio unaoushika. Mlinzi wa pale, mzee wa makamo ya baba yangu, alikuja akachuchumaa, akageuza kipande cha lipu. Kwenye chokaa palikuwa na mikwaruzo minne sambamba, vidole vya fundi aliyeisawazisha ilipokuwa mbichi. Hakunigombeza. Akaniambia, "Huyu naye alikuwa na mwalimu wake," akakiweka kipande kando ya ukuta, kwenye kivuli. Nilishindwa kula jioni ile, na kiongozi wangu ndiye aliyeandika barua ya maelezo kwa ajili yangu. Tundu lile halikuwa limechorwa na mtu yeyote kabla. Halipo tena, wala mchoro wake haupo.

Kwa hiyo: usiing'oe. Chora ulichokiona, andika kilichofichwa, piga picha, peleka taarifa. Wahifadhi wanajua kukata shina, kuuacha mzizi ufe taratibu na kujaza chokaa nyuma yake. Saruji msiiguse kabisa, ni ngumu kuliko matumbawe na inafungia chumvi ndani. Na kuvuruga mahali pa kale bila kibali ni kosa kwa Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964.

4. Kipimo cha urefu, kama rula, kiwe kwenye kila picha. Viatu vya kufunga, si kandambili. Maji ya kunywa beba mwenyewe. Ukiona chuma cha duara chenye kutu, huenda ni bomu la zamani: usikiokote, rudi ulipotoka kwa nyayo zako na waite polisi. Msimu wa kusi, upepo wa kusini, mawimbi ni makali, usimlazimishe nahodha kwa sababu ya ratiba ya chuo.

5. Anzia kwa mwenyekiti wa kijiji na wazee, kabla ya kufungua begi. Kwenye magofu mengi utakuta chetezo, majivu ya ubani, kitambaa kimefungwa kwenye tawi. Hiyo si takataka ya kuondoa ili picha itoke vizuri. Kuna mama mmoja aliwahi kutusubirisha nje ya ngome asubuhi nzima hadi amalize dua yake, na alipotoka ndiye aliyetuonyesha kisima ambacho ramani yetu haikuwa nacho.

Tunaondoka tena mwezi wa kumi, upepo ukishalegea. Anayetaka kwenda alete daftari lake la Kondoa nilione kwanza, na michoro iwe ya penseli.