Maswali ya Wasomaji: Hosta Zilizopoteza Majina

Swali: Ndugu mhariri, tumehamia nyumba yenye hosta (mimea ya bustani inayopendwa kwa majani yake) zaidi ya kumi bustanini, na hakuna hata moja yenye lebo. Nimezilinganisha na picha za mtandaoni, lakini kila mmea unafanana na aina tano au sita. Nianzie wapi?

Jibu: Weka picha kando kwanza. Aina za hosta zilizosajiliwa ni maelfu, na picha haikuonyeshi ukubwa halisi wa jani wala unene wake, ambavyo ndivyo vinavyotenganisha aina kwa haraka zaidi.

Rangi nayo hudanganya. Hosta ya buluu kwa asili ni ya kijani. Ubuluu ni utando wa nta juu ya jani, na mvua na jua huuondoa kidogokidogo. Mmea uliochipua ukiwa wa buluu unaweza kuumaliza msimu wa joto ukiwa kijani kitupu. Sugua jani kwa kidole: pakigeuka kijani, umeshajua kundi lake. Aina iitwayo 'Gold Standard' hubadilika kwa njia nyingine, kwani huchipua kijani, kisha sehemu ya kati ya jani hugeuka manjano na ukingo kubaki kijani. Ndiyo maana tunasisitiza upige picha za kila mmea mara tatu kwa mwaka: unapochipua, majani yakishakomaa, na wakati wa maua.

Majani yakikomaa, chukua rula na daftari. Pima kimo cha shina zima la majani, yaani kichaka chote cha mmea mmoja, bila kuhesabu bua la maua, kisha upana wake. Chagua jani kubwa la mchipuo wa kwanza. Yale yanayotoka katikati ya majira ya joto huwa madogo na membamba, na vipimo vyake vitakupotosha. Pima urefu na upana wa bapa (jani bila kikonyo chake), halafu hesabu mishipa ya upande mmoja tu wa mshipa mkuu. Hiyo ndiyo idadi ya jozi, na kwa mmea uliokomaa inaaminika kuliko rangi. *Hosta plantaginea*, kwa mfano, huwa na jozi 7 hadi 9. Andika pia kama uso wa jani unang'aa au umefifia, kama una makunyanzi, kama upande wa chini una unga mweupe, na kama kikonyo kina madoa ya zambarau karibu na ardhi.

Watu wengi hukata mabua ya maua mapema ili majani yapendeze. Msimu huu yaache, maana maua yana ushahidi usiopatikana kwenye majani. Pima urefu wa bua, andika tarehe ua la kwanza lilipofunguka, na uangalie rangi ya chavulio (kifuko cha chavua ndani ya ua) asubuhi kabla halijapasuka: je, ni la manjano au la zambarau? Kisha nusa. *Hosta plantaginea* ndiyo spishi inayojulikana kwa harufu yake nzuri. Maua yake ni meupe, yana urefu unaozidi sentimita 10, na hufunguka kuelekea jioni, wakati hosta nyingine hufungua asubuhi. Ukipata harufu, umefuta sehemu kubwa ya orodha kwa mara moja. Mmea wako ni spishi hiyo au una damu yake, kama ilivyo 'Royal Standard' na 'Honeybells'.

Umri wa bustani pia unasaidia. 'Blue Mouse Ears' ilisajiliwa mwaka 2000, kwa hiyo shina lililopandwa miaka ya themanini haliwezi kuwa la aina hiyo. Fukua pia udongo wa juu kuzunguka kila shina, kwa sababu lebo za zamani mara nyingi huzama tu chini ya matandazo.

Lakini kama mmea umegawanywa karibuni, usihangaike nao bado. Majani ya mmea mchanga huwa membamba, mepesi, yenye mishipa michache na yasiyo na makunyanzi. Upe miaka 3 hadi 5, na zaidi kwa aina kubwa sana kama 'Sum and Substance'. Baada ya yote hayo, kuna mimea itakayobaki bila jina la uhakika. Kuandika "jani la kijani, ukingo mweupe, jozi 8" ni bora mara nyingi kuliko jina la kubahatisha, kwa kuwa jina la uongo litasafiri na kila kipande utakachompa jirani.

Swali: Nina hosta ya kijani yenye ukingo mweupe. Ni 'Francee' au 'Patriot'?

Jibu: 'Patriot' ilitokana na chipukizi la 'Francee' lililobadilika lenyewe, hivyo maua hayatakusaidia sana. Tazama ukingo: wa 'Francee' ni mwembamba, wa 'Patriot' ni mpana zaidi. Shida ni kwamba ukingo hupanuka kadiri mmea unavyokomaa, na 'Patriot' changa huweza kupita kwa 'Francee'. Hukumu kwa shina lililotulia sehemu moja miaka kadhaa.

Swali: Hosta yangu ilikuwa na weupe mpana katikati na majani ya mawimbi. Sasa weupe umebaki mstari, na baadhi ya machipukizi ni kijani tupu. Je, ni aina mpya?

Jibu: Dalili hizo zinaelekea kwa 'Undulata', ambayo ina tabia ya kurudi kwenye kijani. Machipukizi ya kijani yana nguvu kuliko mengine na yataumeza mmea. Fukua pembeni, fuata chipukizi hadi linapoungana na shina, likate pamoja na mizizi yake. Kulikata juu ya ardhi hakutoshi, litachipua tena.

Swali: Majani yana michirizi ya kijani kilichokolea, kama wino uliomwagika kando ya mishipa. Inapendeza. Inaitwaje?

Jibu: Usiipe jina, na usiigawe. Hizo ni dalili za virusi vya hosta X, vilivyotambuliwa mwaka 1996. Kabla ya hatari kueleweka, mimea iliyoambukizwa iliwahi kuuzwa kama aina mpya, ikiwemo 'Breakdance' na 'Leopard Frog'. Thibitisha kwa kipimo cha ukanda (kijikaratasi cha kupimia virusi kwenye utomvu wa jani) ukikipata. Hakuna tiba. Ng'oa mmea na mizizi yote, usiutie kwenye mboji, na usipande hosta nyingine shimoni humo hadi mabaki ya mizizi yaoze kabisa. Virusi huenea kwa utomvu, kwa hiyo kisu kilichokata jani la kuhesabia mishipa kinaweza kuvihamisha. Hesabu mishipa jani likiwa bado kwenye mmea.

Swali: Mbegu za hosta yangu ya buluu, 'Elegans', zimeota zenyewe. Miche niiite 'Elegans'?

Jibu: Hapana. Miche ya mbegu haifanani kikamilifu na mama, hata ikiwa ya buluu. Andika "mche wa 'Elegans'" pamoja na mwaka, kwa penseli kwenye kipande cha alumini, maana wino wa kalamu nyingi hufutwa na jua. Zika lebo ya pili upande uleule wa kila shina.