Mapato ya tuktuk: wastani wa kweli ni ngapi?

SWALI: Salaam aleikum. Mimi nna tuktuk ya Kongowea, nimeandika mapato ya siku 36 kwa daftari, wastani imekuja 2,400 kwa siku na standadi divieshoni 600. Kijana wangu wa chuo aniambia nitafute konfidensi intavo ya asilimia 95, ndo nini hiyo?

JIBU: Waaleikum salaam babangu, kwanza hongera kwa daftari, wengi twahesabu kwa kichwa. Hiyo 2,400 ni ya siku 36 tu, wastani wa siku zako zote huijui, wakisia, na konfidensi intavo ndo mpaka wa chini na wa juu wa makisio hayo. Basi chukua 600, hiyo standadi divieshoni, yaani kadiri siku zako zinavyopishana na wastani, ugawanye kwa kipeuo cha pili cha 36, yaani 6, wapata 100, zidisha kwa 1.96, namba ya asilimia 95, ni 196, toa na ujumlishe, ni 2,204 hadi 2,596.

Sasa hapa ndo watu huteleza, si kwamba siku 95 kwa 100 utapata humo, la, siku moja yaweza kuwa 1,500 na nyingine 3,400. Wastani wa kweli ni samaki, intavo ni wavu. Samaki katulia, wavu ndo warushwa: ukirudia hesabu hii kwa sampuli mia, kila moja ya siku 36, nyavu kama 95 hivi zitamnasa. Wavu wako umemnasa au la, hujui.

Ungekuwa na siku 9 tu, 1.96 haitoshi, watumia 2.306 ya jedwali la t, la sampuli ndogo, alilotuletea Gosset 1908, mtu wa kiwanda cha bia huko Dublin! Na ikiwa siku zenyewe zote ni za Ramadhani, si mfano wa siku zako zote, wavu umeurusha mtaroni.