Muswada uliokufa mara tatu

Mwanangu,

Umeniuliza Holly Mitchell, aliyekuwa mbunge wa jimbo la California, aliwezaje kuiondoa ile sheria ya jimbo hilo iliyowanyima watoto posho, ilhali miswada yake mitatu ilikufa. Tazama njia ya fedha, utaona.

Sheria ilipitishwa mwaka 1994. Familia ikishakuwa kwenye msaada wa serikali miezi kumi mfululizo, mtoto atakayezaliwa haongezewi kitu. Msamaha ulikuwepo, lakini kwa mfano uwe umebakwa, au kitanzi cha kuzuia mimba ulichowekewa kiwe kimeshindwa kazi. Mama amweleze hayo karani dirishani ndipo apate hela ya maziwa!

Kuifuta kulihitaji fedha kila mwaka, na huko ndiko miswada inakozama. Muswada wenye gharama kubwa huwekwa kiporo, yaani husimamishwa kwanza, kwenye kamati ya matumizi. Siku ya uamuzi namba husomwa mbiombio, hakuna shahidi wala maelezo, unaobakizwa kwenye kamati umekwisha. Mitchell alileta wake 2013, 2014 na 2015, haukuwa sheria. Mwaka 2016 ufutaji uliingizwa ndani ya bajeti yenyewe. Bajeti haiwekwi kiporo: tangu kura ya maoni ya 2010 inapita kwa wingi wa kawaida, yaani kura 41 kati ya 80 za bunge la chini la jimbo na 21 kati ya 40 za Seneti yake, na wabunge wakichelewa kuipitisha baada ya Juni 15 hukosa mishahara. Basi ikapita, na sheria ile ikakoma Januari 1, 2017.

Insha yako isiishie hapo. Soma SB 190 (SB ni muswada wa Seneti) wa 2017, ambao Mitchell aliuandaa na seneta mwenzake Ricardo Lara. Kabla yake kaunti zilimtumia mzazi bili ya mtoto aliyeshikwa: siku alizolala kizuizini, wakili, uangalizi wa probesheni (kufuatiliwa akiwa nje ya kizuizi), hata bangili ya kielektroniki ya mguuni. SB 190 ulipiga marufuku bili mpya kuanzia 2018. Kasoro yake ni kwamba haukugusa madeni ya zamani, hivyo kaunti iliyotaka iliweza kuendelea kudai. Ikabidi uje SB 1290 wa 2020 kuyafuta.

Kwa hiyo ukishika muswada wowote wa kuondoa tozo, tafuta kwanza kifungu cha madeni ya nyuma. Usipokiona, andika hivyo kwenye ukurasa wa kwanza.

Mama yako