Yule dada wa kwenye muvi anayewasha moto kwa kuwaza, kuna ukweli?

SWALI: Kaka habari za kazi, nimeangalia Firestarter: Rekindled, ile ya TV ya mwaka 2002 yenye sehemu mbili, Charlie anawasha moto kwa kuwaza tu na chanzo eti wazazi wake walipewa dawa chuoni kwenye majaribio ya siri. Washkaji wanabishana, wengine wanasema Marekani walikuwa na watu wa hivyo kweli. Na wale watoto wenye nguvu za ajabu wa Rainbird, yule mbaya wa kwenye muvi, je?

JIBU: Nzuri mdogo wangu. Watoto wa Rainbird ni wa muvi tu, na moto wa kuwaza haupo. James Randi, yule mwanamazingaombwe wa Marekani, aliweka dau ambalo lilikuja kufika dola milioni 1 kwa yeyote atakayeonyesha nguvu za hivyo kwa masharti ambayo pande zote mbili zimeyakubali, mpaka linafungwa 2015 hakuna aliyelichukua.

Ila washkaji zako hawajatunga pia. Mwaka 1972 pale Stanford Research Institute, California, wanafizikia Russell Targ na Harold Puthoff walianza kuwapima watu wanaodai wanaona sehemu za mbali bila kufika, pesa zinatoka CIA, shirika la ujasusi la Marekani, baadaye jeshi nalo likaingia na mwishoni mradi ukaitwa Stargate. Mtu anakaa chumbani, anapewa namba tu, anachora kinachomjia kichwani. Zilienda kama dola milioni 20 hivi. 1995 wakaitwa wataalamu wawili waukague, Jessica Utts wa takwimu akasema kuna kitu pale, Ray Hyman mwanasaikolojia akakataa, lakini kwenye ujasusi wenyewe ripoti ikasema haujawahi kusaidia operesheni hata moja, basi ukafungwa.

Sasa naomba hapa kwenye dawa usipapite haraka maana ndo penye ukweli mchungu kuliko huo moto. Kuanzia 1953 CIA walikuwa na mradi unaitwa MKUltra chini ya mkemia Sidney Gottlieb, wanatafuta namna ya kutawala akili ya mtu, wakawapa LSD, dawa inayomfanya mtu aone vitu visivyokuwepo, wafungwa, wagonjwa na watu wengine ambao hata hawakujua wamepewa nini. Frank Olson, mwanasayansi wa jeshi, alitiliwa LSD kwenye kinywaji Novemba 1953, siku chache baadaye akaanguka kutoka dirisha la hoteli New York akafa, na familia yake ilikaa zaidi ya miaka 20 bila kuambiwa habari ya hiyo dawa. Huyo alikuwa baba wa watoto, sio mtu wa kwenye stori. Kwa hiyo wakibisha tena waambie nguvu ni za kutunga, majaribio hapana.

Mwaka 1973 mkuu wa CIA, Richard Helms, aliamuru mafaili yote ya MKUltra yaharibiwe. Yakabaki makaratasi ya hesabu za pesa yaliyokuwa yamehifadhiwa sehemu nyingine, yakapatikana 1977, na Seneti ikawaita wahusika kuhojiwa hadharani.