Kutwa nzima Nairobi: simba, tembo na twiga kabla ya ndege ya pili

Tiketi nafuu za kutoka Dar es Salaam, Entebbe, Kigali au Bujumbura kwenda Ulaya na Asia mara nyingi hupitia Nairobi, na zile nafuu zaidi ndizo zinazokubakiza hapo kutwa nzima. Usiimalizie siku hiyo kwenye viti vya uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta (JKIA). Hifadhi ya Taifa ya Nairobi iko jirani tu. Ni kilomita za mraba 117 za mbuga na msitu, ilianzishwa 1946 ikiwa ya kwanza nchini Kenya, na ndani yake kuna simba, chui, nyati na vifaru weusi kwa weupe. Tembo hawamo porini humo. Wako wale wachanga tu, yatima wanaolelewa na shirika la Sheldrick Wildlife Trust, na hao ndio watakaoamua ratiba yako yote.

Kituo cha Sheldrick hupokea wageni wa kawaida saa moja tu kwa siku, kuanzia saa tano asubuhi hadi saa sita (kwenye tiketi utaona 11:00 hadi 12:00). Hakuna zamu ya mchana, na ukichelewa hakuna wa kukurudishia ile saa. Kwa hiyo weka kwanza saa tano kwenye karatasi, kisha panga mengine mbele na nyuma yake: hifadhi kabla, twiga baadaye.

Hesabu inakwenda hivi. Ndege ikitua saa kumi na moja alfajiri, tenga saa moja hadi moja na nusu ya uhamiaji na mizigo. Ukiingia hifadhini kufikia saa moja na robo asubuhi, unapata zaidi ya saa tatu za kuzunguka, na hizo ndizo saa bora, maana simba bado hawajajilaza vichakani kukimbia jua. Saa nne na nusu uwe unaelekea kwa tembo. Saa sita unatoka, unakula, unakwenda kwa twiga, na saa nane hadi nane na nusu unaanza safari ya kurudi. Ndege yako ya pili ikiondoka saa kumi na mbili na nusu jioni au baadaye, hiyo siku inawezekana bila kukimbizana. Ukiwa na saa nane tu kati ya ndege mbili, chagua sehemu moja, mbili zikizidi sana. Ukiwa na saa sita, nenda Nairobi Safari Walk palipo geti kuu la hifadhi, barabara ya Lang'ata: njia ya mbao iliyoinuliwa ya kutazama wanyama kwa miguu, saa moja na nusu inatosha. Chini ya hapo, baki uwanjani.

Kabla ya kusafiri kuna karatasi mbili za kuangalia. Watanzania, Waganda, Wanyarwanda na Warundi wanaingia Kenya kwa pasipoti bila eTA, kile kibali cha kusafiri cha mtandaoni. Ndugu wenye pasipoti za Uingereza au Marekani wanaihitaji wakitaka kutoka nje ya uwanja, na inaombwa mtandaoni siku tatu kabla au zaidi. Karatasi ya pili husahauliwa na wengi: cheti cha homa ya manjano. Kenya iko kwenye orodha ya nchi zenye hatari ya ugonjwa huo, na nchi kadhaa humtaka cheti hata abiria aliyepita tu uwanjani kwa zaidi ya saa 12. Chanjo huanza kuhesabiwa siku 10 baada ya kuchomwa, kwa hiyo sindano ya jana haikusaidii.

Malipo yafanye nyumbani. Shirika la wanyamapori la Kenya, KWS, halipokei pesa taslimu getini; unalipa kwa eCitizen, tovuti ya huduma za serikali ya Kenya, kwa kadi au M-Pesa, na kiwango hutegemea uraia, basi beba kitambulisho ulichojaza. Mtandao ukigoma getini, utatazama magari mengine yakiingia huku saa za simba zikiyeyuka. Kwa Sheldrick kuna malipo mawili: nafasi unayoweka kwao wenyewe mapema, na kiingilio cha KWS, kwa sababu kituo kiko ndani ya ardhi ya hifadhi. Watu hulipa moja wakadhani wamemaliza. Julai, Agosti na Desemba nafasi hujaa mapema sana, kwa hiyo iwekeni siku ileile mnayokata tiketi ya ndege.

Gari: tafuta van au Land Cruiser yenye paa la kuinuka, na dereva anayeijua hifadhi. Teksi ya kawaida inaweza kuingia wakati wa kiangazi, lakini udongo mwingi mle ni mweusi wa mfinyanzi, na mvua ikinyesha gari dogo linazama hadi ekseli. Mwambie dereva apite Southern Bypass kati ya Mombasa Road na Lang'ata, asiingie mjini. Mizigo mikubwa, ikiwa shirika la ndege limeipachika lebo hadi mwisho wa safari, usiichukue kabisa. Beba koti, kwani Nairobi iko juu, na asubuhi za Juni hadi Agosti ni baridi kweli. Maji yawe kwenye chupa ya kudumu, maana chupa za plastiki za kutupa zimepigwa marufuku katika hifadhi za Kenya tangu Juni 2020. Droni iache nyumbani.

Ndani ya hifadhi hushuki garini ila pale paliporuhusiwa, kama kwenye madimbwi ya viboko, ambako askari mwenye bunduki hukusindikiza, au mahali pa kuchomea pembe za ndovu, ambapo Rais Moi aliwasha moto 1989 na Rais Kenyatta akachoma tani 105 mwaka 2016. Pashukieni hapo hata kama ni kwa dakika tano. Chakula kifungie ndani, nyani wa getini wana mikono myepesi. Na mtazame twiga wa humu kwa makini: ni twiga wa Kimasai, madoa yake yana kingo zilizochanika kama majani. Mchana utaona wa aina nyingine.

Kwa Sheldrick mnaingilia geti la Mbagathi, barabara ya Magadi. Fikeni saa nne na dakika arobaini mpate kusimama mbele kwenye kamba. Hakuna viti, kivuli ni haba, na matope huruka, basi nguo nyeupe si ya siku hiyo. Watoto wa tembo huja mbio kwa makundi wakifuata chupa za maziwa. Mafuta ya maziwa ya ng'ombe huwadhuru, na Daphne Sheldrick, mwanzilishi wa shirika hilo, alihangaika miaka mingi hadi akagundua kwamba mafuta ya nazi ndiyo yanayowafaa. Wananyweshwa kila baada ya saa tatu, usiku na mchana, na walezi hulala nao kwa kupokezana, ili mtoto asimzoee mtu mmoja tu akaugua kwa huzuni siku huyo asipokuwepo. Wakikua wanapelekwa Tsavo, wajifunze kuishi na tembo wa porini. Ndiyo maana usimwite tembo, usimvute mkonga. Akikusogelea mwenyewe kwenye kamba, tulia umtazame, asipokuja, mwache.

Kula Galleria, jengo la maduka kwenye makutano ya Lang'ata na Magadi, kisha nenda Giraffe Centre, ambako hufunguliwa saa tatu asubuhi hadi saa kumi na moja jioni. Hapa wako twiga wa Rothschild, weupe kuanzia magotini kushuka kana kwamba wamevaa soksi. Kituo kilianzishwa na familia ya Leslie-Melville kuwaokoa walipokuwa wamebaki wachache mno Kenya. Unapanda jukwaa lenye urefu wa vichwa vyao na kupewa vidonge vya chakula. Toa kimoja kimoja, kwa ncha za vidole. Usikifiche nyuma ukamchezea, wala usimpe kisogo ukipiga picha, kwa sababu twiga aliyekasirika hupiga kwa kichwa, na kichwa hicho ni kizito. Wahudumu wanawajua wakorofi kwa majina. Waulize kabla ya kusogea. Kile kidonge cha mdomoni ili upate busu kiache, kwa afya yako na ya mnyama. Mchana baadhi yao wameshashiba na hawaji jukwaani. Msiwalazimishe.

Kuna jambo moja tunalisihi. Popote mtu akikunong'oneza kwamba kwa kitu kidogo atakuingiza kwenye kizimba umpapase duma au mwanasimba, kataa. Mnyama huyo hana pa kukimbilia, na pesa yako ndiyo itakayomrudisha mikononi mwa mgeni wa kesho.

Kurudi, uwe uwanjani saa tatu kabla ya ndege. Kwenye lango la JKIA abiria hushushwa garini na kukaguliwa kwa miguu huku gari likipekuliwa, na jioni foleni hiyo peke yake inaweza kula nusu saa. Ijumaa ongeza saa nzima kwa ajili ya Mombasa Road, na kama imenyesha, acha twiga, nenda moja kwa moja.