Mchapuko wa chombo cha angani: kwa mnaoanza kupiga hesabu

Karibuni. Kabla ya kuandika v = at (kasi ni mchapuko, yaani ongezeko la kasi kila sekunde, mara muda) kwa injini yoyote ya majaribio, ulizeni mambo mawili: tungamo la chombo linapungua kiasi gani kila sekunde, na umeme unatoka wapi? Wengi hutoka darasani wakiamini kuwa msukumo usiobadilika huleta mchapuko usiobadilika. Si kweli kwa chombo kinachotupa gesi nyuma ili kisonge mbele.

Chukueni Dawn, chombo cha NASA kilichorushwa mwaka 2007 kwenda Vesta na Ceres, magimba mawili makubwa ya ukanda wa asteroidi. Kilikuwa na kilo 1,200 na ushei, 425 kati yake zikiwa za gesi ya zenoni. Injini yake ya ioni, inayotumia umeme kurusha nyuma chembe za gesi zenye chaji, ilisukuma kwa takribani nyutoni 0.09. Gawanyeni kwa 1,200, mtapata 0.000075 m/s². Sasa zidisheni kwa sekunde 86,400 za siku moja: mita 6.5 kwa sekunde. Kwa siku nne ni kama kilomita 93 kwa saa. Pigeni hesabu hii kwa mkono, nawasihi, maana ndipo mtu huacha kudharau msukumo mdogo. Injini hizo zilibadili mwendo wa Dawn kwa zaidi ya kilomita 11 kwa sekunde.

Zenoni ikipungua, mchapuko hupanda. Lakini chombo kikizidi kwenda mbali na Jua, paneli hutoa umeme kidogo na msukumo hushuka. Kwa hiyo kateni safari vipandevipande, kila kipande na tungamo lake na umeme wake.

Mtakutana pia na ndoto ya g 1 safari nzima, yaani mchapuko sawa na wa kitu kinachoanguka duniani, karibu 9.8 m/s². Ipimeni kwa chombo hichohicho: inataka karibu nyutoni 11,800. Zenoni ikitoka kwa kilomita 30 kwa sekunde, mtatumia gramu 390 kila sekunde, na kilo 425 zitakwisha kwa dakika 18 hivi. Gesi yenyewe itahitaji karibu megawati 177, hata kabla ya kuhesabu upotevu wa injini.

Kuongeza kasi ya gesi hakuwaokoi. Mkiiongeza mara mbili, kwa msukumo uleule, gesi itatumika nusu lakini umeme utatakiwa mara mbili. Mchoro wa injini mpya ukiletwa mezani, tafuteni kwanza wati kwa kila nyutoni. Kama hazipo, urudisheni kwa aliyeuleta akazikokotoe.